Migomba Chini ya Misalaba

Nyemba, 14 Aprili 2024

Mwanangu Marceline,

Hakuna mtu chini ya misalaba ya mtaa wetu wa Kafumbe. Hakuna hata mfupa mmoja. Nimeificha habari hii tangu mwaka 1995, wewe ukiwa darasa la tatu shuleni kwangu, na leo naitanguliza mbele ya salamu kwa sababu sijui mkono utanifikisha wapi.

Jana Olga, binti yangu, ameniambia kwamba meya amekubali ombi la Patron Willy. Jumamosi katapila litakuja kufukua makaburi ya waliozama na boti, mifupa ihamishiwe makaburi ya mji, kisha Willy ajenge pale depo yake ya saruji, maana ile ya zamani ziwa limeimeza. Ameniambia pia kwamba wewe, prezidenti wa Umoja wa Kafumbe, umeapa mbele ya watu kuwa katapila litapita juu ya mgongo wako, na kwamba mama yako na wajane wengine watalala chini pamoja nawe. Polisi watakuwepo. Nimeishi miaka mingi, nawajua vijana wenye bunduki wakishikwa na woga.

Usilale chini kwa ajili ya migomba.

Boti la baba yako Isidore lilipozama likitoka Moba, hakuna aliyeonekana tena, hai wala maiti. Wake zao walishinda ufukweni wakilia kwamba hawana cha kuzika. Wiki ileile watu wa biro ya ardhi walikuja kupima kiwanja chetu cha juu, pale watoto walipochezea mpira na wanawake walipoanikia dagaa wa ndakala, wakasema hakina mwenyewe. Mimi ndiye niliyekuwa prezidenti wa Umoja wakati huo. Niliona misiba miwili, nikataka kuimaliza kwa mazishi mamoja. Pamoja na Aristide seremala tulikata migomba, tukaiviringishia mashuka, tukaitia ndani ya masanduku na kupigilia misumari. Tukatangaza kuwa boti la mapadri limeokota maiti huko kusini, kwamba zimeharibika, na kwamba masanduku yasifunguliwe. Tukazika kiwanjani. Wapimaji waliporudi wakakuta misalaba, wakavua kofia, wakaondoka.

Wazee wa milimani huzika mgomba badala ya mtu aliyepotea majini. Lakini wao huuzika waziwazi, kila mfiwa akijua ni mgomba. Mimi niliwadanganya wafiwa, kwa kuwa mpimaji wa ardhi haheshimu mgomba.

Aristide alishakufa. Nimebaki peke yangu, na daktari hanifichi tena hali yangu. Sauti imekauka kooni, simu hainifai, na sitaki Olga ayasome haya kwenye simu yake. Ndiyo maana Papy wa pikipiki anakuletea bahasha iliyofungwa. Kubali makaburi yahamishwe, au kaa nyumbani siku hiyo. Ila usilale pale.

Mwalimu wako,
Hippolyte


Kalemie, 16 Aprili 2024

Papa Directeur,

Barua yako nimeisoma chooni, hapa biro ya bandari, mlango nimeufunga kwa ndani. Nimeisoma tena. Halafu nimerudi mezani nikagonga mihuri kwenye karatasi za watu kana kwamba nina akili zangu.

Unasema nikubali. Ukiwa huko Nyemba huyaoni maji. Avenyu za chini zimekwisha, watu wanaenda misa kwa mitumbwi ya pirogi. Familia ya Mama Princesse, wale waliokuwa na duka la chumvi, walilala shuleni kwako mpaka darasa likajaa, na juu ya ubao wako ndipo walipoanikia nepi. Tumewapa wao na wenzao ukingo wa kiwanja waweke mabashi yao ya plastiki. Watu hao hawana pa kulala, lakini hakuna aliyekanyaga kaburi hata moja. Wanazunguka. Watoto wao wanafundishwa kuzunguka. Kiwanja hicho ndicho mahali pakavu pa mwisho palipobaki mikononi mwa mtaa, na wanaokilinda ni wafu tu. Sasa wewe unaniandikia kwamba wafu hawapo.

Willy alikuja kwenye mkutano wetu na viatu vyeupe, akaketi mbele bila kualikwa. Akasema, "Bamama, nitawapatia masanduku mapya, na vitambaa, na ngombe ya kula siku ya kuhamisha. Bafu benu wa makaburini watalala vizuri kuliko ninyi." Mama Emerance, unamjua mdomo wake, akamjibu, "Patron, hiyo ngombe anza kumuzika kwa parseli ya nyumba yako, tuone kama utalala." Watu walicheka mpaka Willy akasimama. Hapo ndipo nilipoapa. Je, leo nirudi kwa watu hao hao niwaambie nini?

Kwa hiyo nisikilize. Usimwandikie mtu mwingine. Usimwambie padri, ila ndani ya kitubio. Meya akikutafuta, wewe ni mgonjwa, husemi. Umenyamaza muda wote huo, basi malizia kunyamaza. Ninaona haya kukuandikia hivi wewe uliyenishika mkono nikaandika herufi ya kwanza, lakini naandika.

Na kuna jambo moja. Kila mwaka, siku ya salongo ya makaburi, mtaa mzima ukiwa na majembe na mifagio, mama hufagia kaburi la baba, hulimwagia maji ya ziwa, kisha hukaa pale akimweleza habari za mwaka. Alimweleza nilipofaulu. Alimweleza nilipoolewa, akamweleza nilipoachwa. Alikuwa akimweleza nani? Kama hayumo mule, baba yangu yuko wapi?

Marceline


Nyemba, 18 Aprili 2024

Mwanangu,

Kwa watu wengine nitanyamaza kama ulivyoagiza. Kwako siwezi.

Tazama mambo kama nilivyokufundisha kutazama hesabu. Mkilala chini, askari watawaburura, mmoja wenu ataanguka vibaya, na baada ya hapo katapila litachimba na kukuta udongo mtupu. Msipolala, litachimba vilevile. Mgomba hauachi hata jino. Nimejaribu kila upande, kila upande unanifikisha kwenye shimo tupu, Willy amesimama ukingoni akiwacheka wajane. Limebaki jambo moja: waambiwe kabla, na mtu wao, si na katapila. Waite. Waambie ni Hippolyte. Wanitukane mimi, niko mbali na nimekwisha nusu.

Ukitaka, nitapakiwa kwenye treni na godoro langu, niletwe mbele ya meya. Olga atakataa, lakini Olga sijamwogopa bado.

Mtasema niliwadharau. Sikuwadharau. Kiwanja kile tulikilima kwa salongo tangu nikiwa mwalimu kijana. Mawe tuliyatoa kwa mikono, na jiwe la mwisho lilitolewa na baba yako na mtaimbo wa reli, sisi wengine tukiwa tumeshakata tamaa. Kila nilipofunga macho nilikiona kimejaa magunia ya mtu mmoja.

Unauliza baba yako yuko wapi. Boti lilikuwa limejaa unga kupita kiasi, mawimbi yakalipiga ubavuni mbali na pwani. Isidore ndiye aliyekuwa nahodha. Hakuna maiti iliyoonekana. Hayo ndiyo niliyoyajua siku tulipozika.

Mkono umechoka.

Hippolyte


Kalemie, 21 Aprili 2024

Papa Directeur,

Papy anasema alikuacha umeketi. Basi keti tena, nina mengi.

Ijumaa mchana nilipoisoma barua yako niliomba ruhusa ya kichwa kuuma, nikawaita wajane jikoni kwa mama. Nilisimama mlangoni ili asitoke mtu. Nilikuwa kama mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni. Nikasema, "Bamama, kule kiwanjani hamuna bantu. Ni migomba. Papa Directeur ameniandikia."

Nilingoja mayowe. Mama Emerance aliendelea kuchambua maharage. Halafu mama yangu akacheka, tena cheko la chini, kama la mtu anayeficha kikohozi kanisani.

"Njo hiyo tu Directeur ameshindwa kufa nayo?"

Walijua. Papa Directeur, walijua wote, tangu siku ya mazishi.

Mama aliingia chumbani akatoka na kitenge cha zamani, kile cha maua ya bluu ambacho sikuwahi kumwona akikivaa. Begani kina doa la kahawia, pana kama sahani. Akanitandikia mapajani.

"Isidore alikuwa muntu munene," akasema. "Sanduku yake nilibeba na hii bega. Ilikuwa nyepesi. Na ikavuja. Utomvu ya mgomba ikanishukia. Sisi wote tulikuwa na madoa, Emerance hapa, marehemu Olive mpaka kwa blauzi. Tukaenda ziwani kufua. Tunafua, tunafua, haitoki. Maiti haitoi utomvu, mwanangu. Tukaangaliana."

"Na hamukusema?"

"Tuseme nini? Tulikuwa tunatafuta fasi ya kulia. Directeur alitupatia fasi." Akakunja kitenge. "Na yeye alikuwa anatembea mbele ya masanduku na uso wa huzuni vile, na kaptula yake imejaa utomvu! Tulimuhurumia. Tukasema, tumuache aamini kwamba tumeamini."

Mama Emerance akadakia, "Mimi miaka yote hii ninafagia mgomba. Hata mgomba unataka usafi."

Walicheka hadi machozi, na mimi nikalia peke yangu kama mjinga. Kisha mama akajifuta macho, akasema maneno yaliyotuokoa: "Kama bafu hawako, bazima waingie."

Hatukungoja jioni. Mama alikwenda mwenyewe kumwita Mama Princesse, akamshika mkono, akampandisha juu ya kaburi la baba. Mama Princesse alikataa kukanyaga, akawa anajivuta nyuma kama mbuzi anayevutwa kwenye maji. Mama akachukua mafiga yake matatu akayapanga mwenyewe pale pale penye jina la Isidore, akawasha moto, akabandika maharage. Wengine walipoona, wakahama kutoka ukingoni na mabashi yao. Walikosa nguzo. Mama Emerance akang'oa msalaba wa mumewe, akaugonga na kiganja, akasema, "Aristide alitumia mbao ya nguvu," akausimamisha uwe nguzo. Misalaba yote ikafuata.

Jumamosi wakaja: katapila, polisi, mjumbe wa meya na karatasi yake, Willy na viatu vyake. Hakukuwa na kaburi la kuonyesha. Kulikuwa na moshi, nguo zimeanikwa, watoto wakioga kwenye mabeseni.

Willy akapiga kelele, "Makaburi iko wapi?"

"Unatafuta bafu?" mama akamwuliza, mwiko mkononi. "Hapa ni bazima tu, Patron. Utahamisha nani? Unihamishe mimi na sufuria?"

Mjumbe alisoma karatasi yake, akaisoma tena. Ruhusa ilikuwa ya kuhamisha mifupa, haikutaja watu. Willy akawaambia askari wafanye kazi iliyowaleta. Mmoja, kijana mwembamba, akapiga risasi hewani, na hapo wote tukakimbia bila kujua tunakokwenda. Mama Emerance alisukumwa akaangukia sufuria ya maji ya moto. Mkono wake wote umebabuka. Yuko hospitali, anawatukana wauguzi, kwa hiyo atapona. Lakini kelele zake zilipopanda pale, mjumbe mwenyewe alikwenda akaushusha mtutu wa yule kijana, akamwamuru mwendesha katapila arudi nyuma. Jana jioni meya ametuma neno: familia zibaki kiwanjani mpaka maji yashuke, na mambo ya depo yamesimama. Yamesimama, hayajafa, najua. Ila leo asubuhi watu wameanza kuchimba vyoo, na mtu anayechimba choo hatoki kesho.

Nilitaka kuishia hapa na kukusamehe. Mama amenizuia.

Yuko hapa kando, ananitazama ninavyoandika. Anasema: mwaka uliofuata baada ya mazishi, wakati wa kiangazi, alitoka misa ya Jumapili akakuta samaki, mikeke waliokaushwa kwa moshi, wametundikwa kwenye ua wake. Walikuwa wamefungwa kwa ukindu unaopita jichoni, kutokea mdomoni, kisha fundo mara mbili. Baba yangu ndiye aliyefunga hivyo, alifundishwa na babu yake, hata sokoni watu waliwatambua samaki wake kwa fundo. Mama alikuja mbio kwako na samaki mkononi. Wewe ulikuwa na homa, hukwenda misa siku hiyo. Ukamwambia, "Ni mimi nimekuletea, Mama Victorine, pole na mtoto."

Anasema alikushukuru. Anasema alikuwa anaujua mkono wako, hata kamba ya viatu vyako ulifungiwa na mke wako. Anasema tangu siku ile, kila salongo, uliwasalimia wajane wote makaburini, ila ukifika kwake ulikuwa unakumbuka kazi mahali pengine. Ya migomba alikusamehe zamani. Anataka kujua hili tu.

Ni wewe uliyewafunga samaki wale?

Jibu kabla hujafa. Na usimjibu kama ulivyomjibu siku ile.

Marceline


Nyemba, 23 Aprili 2024

Marceline, na wewe Mama Victorine uliye kando yake,

Niliposoma habari ya kitenge nilimwomba Olga atoke chumbani. Amedhani nimefurahi kwa ajili ya kiwanja. Nimefurahi, ni kweli. Lakini kama mlijua tangu siku ya kwanza, basi jambo nililofanya baadaye halikuwa na sababu hata kidogo, na nimelibeba hadi leo nikijiambia kwamba lilikuwa na sababu.

Jumapili ile nilikuwa na homa, ni kweli. Mtaa mzima ulikuwa kanisani. Nikasikia hodi. Nilipofungua nilimwona Isidore. Alikuwa amekonda, ndevu zimejaa. Alishikilia pipa tupu la mafuta usiku mzima boti lilipozama, wavuvi wa ng'ambo wakamwokota, wakampeleka Kirando, akaugua mguu kwa miezi. Alivuka mara tu alipoweza kusimama. Alikuja kwangu kwanza, kabla ya kwako, Mama Victorine, kwa sababu aliona haya. Yeye ndiye nahodha, yeye ndiye aliyekubali magunia yale, na alitaka nimpeleke mbele ya wajane awapigie magoti. Alisema, "Directeur, unisindikize. Peke yangu siwezi."

Wapimaji wa ardhi walikuwa wamerudi wiki chache kabla na kuvua kofia zao. Nilifikiri: mtu huyu akipanda avenyu, jina lake likiwa juu ya msalaba, msalaba wake utaanguka, na baada yake yote. Watu watafukua. Wajane watajua nimewapa migomba. Kiwanja kitakwenda. Nilifikiri hayo yote mlangoni, yeye akiningoja, na sikufikiri zaidi.

Nikamwambia kwamba mtaa umeapa kumchoma moto. Nikamwambia kwamba mkewe anaheshimiwa kama mjane, lakini akionekana kuwa mke wa nahodha aliyekimbia, nyumba yake itachomwa, mtoto akiwa ndani. Hakuna aliyeapa. Hakuna aliyemlaani. Ninyi mlikuwa mnamlilia pamoja na wenzake, na kila mtu alijua ni wenye unga walioshindilia magunia. Aliniamini kwa kuwa mimi ndiye Directeur. Akaketi kizingitini, akaficha uso. Kisha akaomba aruhusiwe kuona nyumba yake tu, ikiwa haina mtu, amwachie mkewe samaki aliokuja nao.

Hajafa, kwa kadiri nijuavyo. Mwaka juzi mtu wa mashua za ng'ambo, naye jina lake Hippolyte kama langu, aliniambia yuko mzee Mkongo pale Kirando anayeshona nyavu, hajaoa, huwauliza wasafiri habari za Kafumbe lakini hasemi jina lake. Papy ana maelekezo ya kufika kwake. Nimempa kwa mdomo wa Olga, ambaye sasa anajua yote. Barua hii mpelekeeni asome. Msimweleze kwa upole.

Unauliza, Mama Victorine. Sikuwafunga mimi. Isidore aliwafunga kwa mikono yake, amechuchumaa kwenye ua wako, akarudia fundo lile mara mbili polepole kama mtu asiyetaka kumaliza, na mimi nilisimama nyuma yake nikimhimiza aharakishe, kabla misa haijatoka.

Hippolyte